Samaki Waliovishwa Majani

Sajini Salama Faki alisema aletewe samaki kwanza, maiti ataiona baadaye. Konstebo Mutunga alidhani ni mzaha, akacheka kidogo, kisha akaona uso wa mkubwa wake hauna kicheko, akakohoa na kwenda kuchukua kiondo kule stoo.

"Maiti iko mochari, imehifadhiwa," Salama alimwambia aliporudi. "Hawa mmewaweka pamoja na viatu. Kesho hawatakuwa na la kutuambia."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya kituo tangu alfajiri. Huko Mbooni juu, mvua ikishaamua kushuka inashuka na ukungu wake, na mtu akija barabarani unaona miguu kwanza, kichwa kinafuata baadaye. Getini, chini ya karatasi ya nailoni, alikuwa amekaa mwanamke mmoja na chupa yake ya chai. Huyo alikuwa Kanini, mke wa Kisilu. Kisilu alikuwa ndani ya seli, na kesho asubuhi alikuwa apelekwe mahakamani kwa kumuua mzee Mbogo. Vijana wa kijiji hawakungoja hakimu. Walishamvunjia Kanini jiko lake na kumwambia aende akalale huko muuaji analala. Kwa hivyo alikaa pale getini, maana hakuwa na mahali pengine.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mbogo alikuwa mzee aliyehamia kutoka upande wa Nyeri na mkewe Wangechi. Alinunua shamba chini ya chemichemi, akachimba mabwawa, akaleta trauti, samaki wa maji baridi ambaye watu wa mlima ule hawakuwa wamewahi kumwona. Wengine aliwafuga na wengine wakatorokea mtoni wakazaana, na mzee akawa anawafuata huko na ufito wake wa kuvulia. Juzi alitoka nyumbani wakati wa mvua, hakurudi. Jana Kisilu, jirani yake, alimkuta amelala kifudifudi katika lile dimbwi la mtoni wanaloita Ndiani, na jeraha nyuma ya kichwa. Kando yake, juu ya jiwe, kulikuwa na ufito na kiondo cha samaki, vimewekwa vizuri kama vitu vya mtu anayerudi sasa hivi.

Bosi wa kituo alisema kazi imekwisha. Kisilu aliwahi kufanya kazi kwa Mbogo, wakakosana kwa sababu ya mfereji wa maji, na katika mkutano wa maji alisikika akisema hao samaki watamuua Mbogo siku moja. Tena alipoulizwa alikuwa wapi juzi alisema nyumbani, na kumbe alionwa kwenye mabwawa. Tena nyumbani kwake walikuta trauti wamekaushwa juu ya moshi. Bosi alitaka nini zaidi?

Salama alifungua kiondo, na Mutunga akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa kabati.

Kila samaki alikuwa amefungwa katika jani moja pana, la kijani kibichi, kikonyo cha jani kimepitishwa chini na kufumbatwa. Walilala mmoja kando ya mwenzake kama watoto waliofunikwa shuka.

"Nani amewafunga hivi?" Salama akauliza.

"Walikuwa hivyo hivyo, afande. Ndiyo sababu hakuna aliyetaka kushika." Mutunga aliongea polepole, kama mtu asiyetaka maneno yake yafike mbali. "Hivyo ndivyo vitu hupelekwa huko juu, kwa ithembo."

Salama alikuwa mzaliwa wa Kitui mjini, wa zile familia zilizotoka pwani zamani na kubaki, lakini alijua ithembo ni nini. Ni kichaka cha miti mikubwa ambacho wazee wa kale walitengea wafu wao, na hakuna anayevunja hata kijiti. Mutunga alimweleza kwamba chemichemi ya Mbogo inatoka chini ya kichaka hicho. Watu walikuwa wanasema waliomchukua mzee ni hao wa huko juu, kwa sababu alitia samaki wa ugeni katika maji yao. Mvua ikinyesha, kichaka kinapumua. Mutunga mwenyewe hakuwahi kusikia, lakini shangazi yake alisikia.

"Na bosi anasema ni Kisilu."

"Bosi hawezi kuandikia mahakama ni ithembo, afande."

Salama alitandika gazeti mezani, akafungua jani la kwanza na kuliweka kando. Bibi yake, Bi Tumu, aliuza samaki wa kukaanga karibu na msikiti kule mjini miaka mingi, na Salama alifunzwa kufungua mashavu ya samaki kabla hajafunzwa kushika kalamu. Mashavu yakiwa mekundu kama damu, nunua. Yakiwa ya kijivu, tembea. Haya hayakuwa hivi wala hivi. Yalikuwa yamejaa tope jekundu, limeshikana, kana kwamba mtu alilisindilia kwa kidole. Akafungua wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Wote tope. Kisha akawafungua midomo, mmoja mmoja, akamulika kwa tochi.

"Njoo uangalie."

"Naona kutoka hapa, afande."

"Huoni. Samaki wa ndoano ana tundu la ndoano, Mutunga. Hawa midomo yao ni mizima. Hawakuvuliwa. Walikufa kwa kukosa pumzi, wakaokotwa."

"Samaki anakosaje pumzi na ako ndani ya maji?"

"Kama wewe utakavyokosa ukifukiwa mchangani."

Akaomba pia mfuko wa nguo za marehemu. Suruali, sweta, kofia hapana, gambuti mbili. Ndani ya gambuti, chini kabisa, kulikuwa na kitu kama unga mnene, mwekundu, umelowa. Aliyepokea vitu alisema ni chakula cha samaki. Salama alichukua kidogo akakinusa. Chakula cha samaki kinanuka dagaa. Hiki kilinuka kama mlango mpya. Alikifunga katika karatasi akakitia mfukoni, akachukua samaki mmoja bila jani na kwenda seli.

Kisilu alikuwa mwembamba, nguo zake hazijakauka tangu jana. Alisimama Salama alipoingia. Salama aliweka gazeti juu ya benchi, samaki juu ya gazeti, akamwambia amwinue. Kisilu alitumbukiza kidole chini ya shavu la samaki, akamnyanyua, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, uso ukamshuka.

"Amekufa vibaya," akasema.

"Kila mara unawashika hivyo?"

"Namna nyingine ni gani, madam? Ukimshika mwili anateleza."

Salama alimuuliza kwa nini alidanganya kwamba alikuwa nyumbani. Kisilu aliangalia mlango, akaangalia samaki, mwisho akaamua kusema. Juzi asubuhi alipita kwenye mabwawa akaona maji yamekuwa mekundu, na samaki wako juu wanafungua midomo. Alikimbia kumwita Mbogo, na ugomvi wao akauacha njiani, lakini mzee alikuwa ameshatoka. Basi akaokota wale waliokuwa bado wanahema, akapeleka kwake, maana wangeoza tu. Alipoona maiti siku ya pili aliogopa kusema alikuwa pale.

"Na yale maneno ya mkutano?"

"Nilisema hao samaki watamuua kwa sababu hakuwa analala. Usiku anaamka kuangalia maji. Mkutano wote walicheka. Sasa hakuna anayekumbuka walicheka."

Salama alikaa kwenye benchi, kando ya samaki. Alikuwa na swali moja lililobaki, na aliliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Kama Kisilu angetaka watu waamini kwamba Mbogo aliteleza akivua, angefanya nini?

Kisilu alifuta kidole chake kwenye suruali.

"Ningechagua siku nyingine," akasema.

Salama akamwambia aeleze. Na Kisilu, ambaye tangu jana aliulizwa mambo ya kifo tu, akaeleza habari ya samaki kwa sauti iliyopata nguvu kidogo. Alisema mvua si moja. Kuna manyunyu, yale ya kulowesha nywele tu. Hayo ndiyo Mbogo aliyoyapenda. Minyoo na kumbikumbi wanasombwa kuingia mtoni, maji yanapata wingu jembamba, trauti anasahau woga na kuja juu kula, na mtu anaweza kusimama karibu bila kuonekana. Lakini mvua kubwa ikishusha udongo, mto ukawa kama chai ya maziwa, samaki haoni mbele ya pua yake. Anajificha chini ya kingo na kungoja. Ile ndoano ya Mbogo ilikuwa ya manyoya, imefungwa ifanane na mdudu. Mdudu asiyeonekana nani atamla? Siku kama hiyo mzee alikuwa anatundika ufito wake bandani na kulala.

"Watu walikuwa wanajua hivyo?"

"Watu walikuwa wanamwona kwa mbali, madam. Mvua ikinyesha, Mbogo yuko mtoni. Ni hivyo tu walijua."

Salama alisimama, akamtia samaki katika mfuko wa plastiki. Mlangoni aligeuka, akamuuliza kama aliwahi kufunga samaki kwa majani. Kisilu alimtazama kama anayepimwa akili. Wa nini, akauliza, na samaki ana ngozi yake?

Nyumbani kwa Mbogo wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa jikoni, na wanaume wamebanana barazani wakiangalia mvua. Wangechi alikuwa chumbani na alitoka alipoitwa. Alikuwa mama mrefu, kitambaa cheusi kichwani, macho makavu. Salama alimpa pole akamwita Mama Shiru, kwa jina la binti yake mkubwa, akaomba waende nje kidogo, bandani, waongee bila masikio.

Ukutani mwa banda kulikuwa na msumari mtupu. Hapo ndipo ufito ulikuwa unatundikwa, na kiondo chini yake. Banda halikuwa na kufuli.

"Alichukua ufito juzi?" Salama akauliza.

"Alichukua jembe."

"Ulimwona?"

"Nilimpa kwa mkono wangu." Wangechi alieleza kwamba mumewe aliingia kutoka bwawani na kikombe cha maji, akamwonyesha. Maji yalikuwa mekundu. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa. Miaka yote waliyokaa pale zilikuja mvua za kila namna, mto unachafuka, barabara zinakatika, lakini maji ya chemichemi hayakuwahi kubadilika rangi, kwa sababu juu yake kuna miti na mizizi tupu. "Akaniambia, Mama Shiru, kuna mahali huu mlima umechunwa ngozi. Akaenda juu kuangalia."

"Kule kwa kichaka."

"Kule."

"Haya umewaambia polisi?"

"Waliniuliza kama Kisilu alikuwa na ugomvi naye. Nikasema ndiyo. Hawakuuliza lingine." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Nilimwambia mzee Muindi, alipokuja kunipa pole. Akaniambia nisirudie hayo maneno hata kanisani. Wenyewe wa huko juu wanasikia."

Muindi alikuwa mlinzi wa ithembo, kama baba yake na babu yake. Ni yeye peke yake aliyevuka mawe ya mpaka, na msimu ukifika ni yeye aliyepeleka chakula cha kwanza. Salama aliuliza kama Wangechi naye aliwahi kusikia kichaka kikipumua. Mama aliangalia kikombe kilichobaki juu ya rafu, tope limeganda chini.

"Kila mvua kubwa tangu mwaka uanze," akasema. "Inavuta ndani, inatoa nje. Pole pole, kama mgonjwa. Mbogo alikuwa ananicheka. Juzi ilikuwa inapumua akiondoka. Baadaye ikanyamaza."

Walipotoka, Muindi mwenyewe alikuwa barazani, kati ya wanaume wengine. Alikuwa na koti la mvua kuukuu na mikono minene, na aliwasalimia kwa upole. Salama alisema anapanda juu kuangalia chemichemi. Wanaume wakaacha kuangalia mvua, wakamwangalia yeye. Muindi akamwambia, tena kwa heshima, kwamba mvua ikinyesha hakuna mtu anaenda kule, hata yeye. Angoje kuwe kweupe, atampeleka mwenyewe.

"Ni mvua yenyewe nakimbizana nayo, mzee," Salama akasema. "Kila saa inanioshea kitu."

Walifuata maji. Njia ilikuwa imegeuka kijito, na Mutunga alianguka mara kadhaa na kila mara akasema hajaumia kabla hajaulizwa. Mahali ambapo kijito kiligawanyika, Salama aliinama. Upande wa kushoto maji yalikuwa meupe, unaona changarawe. Wa kulia yalikuwa mekundu. Wakafuata mekundu. Yakagawanyika tena, wakafuata mekundu tena. Ukungu ulizidi kuwa mzito, na sauti za kijiji, mbuzi, boda boda, wanawake wakiitana, zikabaki chini moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki mvua peke yake.

Mawe ya mpaka yalikuwa madogo kuliko alivyofikiri, mstari tu wa mawe yenye kuvu. Baada yake miti ilisimama imeshikana kama ukuta.

"Afande," Mutunga akasema, "mimi nitabaki hapa niangalie nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Ndiyo niangalie."

Salama hakumlaumu. Alivuka mawe peke yake, na hapo hapo akaisikia ile pumzi.

Ilivuta ndani, ndefu, kwa mkwaruzo wa kifua kibovu. Ikakaa. Kisha ikatoa nje. Majani yote ya karibu yalitulia, kama yanasikiliza pia. Salama alijikuta anasoma kimoyomoyo sura fupi aliyofunzwa na Bi Tumu kwa ajili ya giza. Aliimaliza, akaianza tena, akaendelea kutembea. Ikavuta. Ikakaa. Ikatoa.

Ule ukuta wa miti haukuwa na kina. Alipenya kati ya vigogo viwili na akajikuta nje tena, chini ya mbingu. Katikati ya kichaka hakukuwa na kichaka. Kulikuwa na uwanja wa tope jekundu, na mvua inauchimba mifereji, na mifereji yote inaelekea chemichemi. Huku na huku kulikuwa na vilima vidogo vya matawi. Aliinua tawi la kwanza. Kisiki. Kilikuwa kimepakwa tope ili kisionekane cheupe. La pili, kisiki. Alizunguka akiinua matawi, na kila alipoinua aliona kisiki kingine. Miti ya ukingoni ilikuwa imeachwa isimame kama pazia, ili anayepita chini aone ithembo iko palepale.

Mwisho wa uwanja ulisimama mti mmoja mkubwa, msumeno umeukata zaidi ya nusu. Upepo ulipousukuma, mkato ulifunguka na kukwaruza, ukakaa, kisha ukajifunga. Inavuta ndani, inatoa nje. Hiyo ilikuwa pumzi ya leo. Pumzi ya siku nyingine ilikuwa msumeno wenyewe, ukienda na kurudi wakati mvua kubwa imewafungia watu majumbani na kumeza sauti ya mti unaoanguka. Juzi mtu aliukata mti huu, na kabla hajamaliza, kazi ilikatizwa.

Chini ya mkato kulikuwa na unga mwekundu, umelowa. Salama alitoa karatasi mfukoni, akanusa, akalinganisha. Mlango mpya. Mbogo alisimama hapa na gambuti zake. Hatua chache kando, chini ya matawi, aliona mpini wa jembe. Hakuugusa. Na karibu na jembe palikuwa na mti mfupi wa majani mapana ya kijani kibichi, matawi yake ya chini yamekatwa juzi juzi, matawi marefu, ya kutosha kulaza mtu na kumburuta mteremkoni kwenye tope. Alichuma jani moja akaligeuza mkononi. Njiani kote, kutoka kituoni hadi hapa, hakuwa ameona mti kama huo.

"Nilikuambia ungoje, mwaitu, mama yangu."

Muindi alikuwa amesimama kati ya vigogo viwili alimopita Salama. Nyuma yake alikuja Mutunga, ambaye hatimaye alikuwa amevuka mawe kwa sababu hakutaka kumwacha mkubwa wake na mtu mwingine. Alikuwa akiangalia visiki, mdomo wazi.

Muindi hakukimbia wala hakupandisha sauti. Alisema ni aibu kubwa. Yeye pia aliiona juzi tu. Ni wezi wa mbao, watu wa mbali, wanaingia kwa mvua. Alishindwa jinsi ya kuwaambia watu kwamba kitu walichomwachia hakipo tena. Pengine Mbogo aliwakuta, wakamdhuru. Aliongea vizuri, akiwa ameinamisha kichwa, na Mutunga akaanza kutikisa chake kwa huruma. Salama mwenyewe aliona kwamba mahakamani maneno hayo yangesimama. Wezi hawana sura, na Kisilu anayo. Kesho asubuhi bado angepandishwa gari.

"Pengine ni hivyo, mzee," akasema. "Huyo aliyemdhuru alijua Mbogo ni mtu wa kuvua kwa mvua. Akaenda kuchukua ufito wake bandani, akaokota samaki waliokufa bwawani, akamtengenezea safari ya mtoni. Hakujua tu ni mvua gani."

"Hayo ya samaki sijui. Mimi si mtu wa samaki."

"Wengi hapa si watu wa samaki. Lakini kuna kitu nataka unisaidie, kwa sababu wewe ndiye unajua mambo ya hapa." Alifungua mfuko wake. "Watu wanaogopa. Wanasema huyu samaki aliwekwa kwa ajili ya ithembo. Niambie kama ni kweli, nikawatulize. Shika uangalie."

Akamnyoshea samaki, mtupu, mwenye maji, kichwa mbele, jinsi mtu anavyompa mwenzake kitu asitegemee kukataliwa.

Mkono wa Muindi ulitoka. Lakini haukuja kwa samaki. Ulikwenda kando, bila macho kuufuata, kwenye ule mti mfupi, ukachuma jani pana, ukalitandaza kiganjani. Kisha ukapokea. Vidole vikakunja jani juu ya samaki, upande huu, upande ule, vikapitisha kikonyo chini na kukifumbata. Kazi nzuri, ya haraka, safi. Hakuna mahali ngozi yake iligusa ngozi ya samaki.

Upepo ukasukuma mti. Ukavuta, ukakaa.

Mutunga alikuwa ameacha kutikisa kichwa. Muindi alishusha macho na kuona alichoshika.

"Baba alinifunza hivyo," akasema. "Mlinzi hagusi nyoka wala samaki. Hata kwa bahati mbaya."

"Na miti?"

Muindi aliinua macho. Aliangalia uwanja, visiki vilivyofunuliwa, mvua ikiviosha vikawa vyeupe.

"Ilikuwa yangu kuilinda," akasema. "Nani angekuja kuhesabu? Ni yeye tu hakuogopa. Alikuja na jembe, anafuata maji. Hakuniuliza juu ya miti hata kidogo. Aliniuliza kwa nini ninaua samaki wake." Alisema alimpiga kwa mpini wa shoka, mara moja, mzee alipogeuka kushuka. Hakumpiga tena. Alilisema hilo la mara moja kama kitu cha kumsaidia.

Salama alichukua samaki mkononi mwake, pamoja na jani, akamweka mfukoni kama kielelezo. Alimwambia Mutunga amfunge mzee pingu, na Mutunga akafanya hivyo akiwa ameangalia pembeni, akimwomba radhi kwa Kikamba. Muindi hakusumbua. Alitaka tu kupita mbele, kwa sababu, alisema, kuna mahali hapo panateleza na wao hawapajui.

Kwenye mawe ya mpaka simu ilipata mtandao. Mutunga aliuliza amwambie nini bosi.

"Bosi nitamwambia mwenyewe. Wewe piga meza ya mbele," Salama akasema. "Waambie wampeleke mama wa getini ndani, akae na mume wake. Na hiyo nailoni waikunje, wasiiache pale."

Nyuma yao, juu, upepo ulikuja mkubwa zaidi. Mti ulivuta pumzi, safari hii ndefu kuliko zote, na hawakusikia ukiitoa. Wakasikia mpasuko, kisha ardhi ikagonga chini ya miguu yao. Muindi peke yake hakugeuka.